Jifunze kuishusha kwanza: mazungumzo na vijana wa pikipiki Chake Chake

Haya ni yale niliyoyasema kwa vijana wa bodaboda na wapenda pikipiki tulipokutana Chake, nimeyaandika kwa sababu wengi walikuwa kazini wakaniomba. Pale nilipoonesha kwa pikipiki iliyowekwa mbele nimejaribu kueleza kwa maneno, mengine nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.

Assalamu alaykum waungwana.

Aa, mbona mnaitika kama hamjala? Assalamu alaykum! Haya, sasa ndo nyinyi.

Nimeitwa hapa kuzungumza habari za usalama barabarani, lakini nikiwaangalia nyuso naona kabisa mnachokitaka nyie ni wili. Si ndo? Mnataka kujua mtu ananyanyuaje tairi la mbele akaenda nalo bila ya kuanguka. Basi nitawaambia, sitowaficha. Nikiwaficha mie mtakwenda kufunzwa na simu, na simu inakuonesha sekunde chache za mtu aliyekwishajua, haikuoneshi alikopita mpaka akajua wala haikuoneshi mguu wake wa kulia uko wapi. Na siri yote ya mambo haya iko kwenye mguu wa kulia.

Sasa nauliza swali. Pikipiki imenyanyuka, imepanda, bado inaendelea kupanda. Utaishusha kwa kitu gani?

Huyu kasema atakata mafuta. Sawa, tutakuja hapo. Yule kule nyuma kasema breki ya mbele. Breki ya mbele! Yakhe, tairi liko hewani, ukilifunga breki unamsimamisha nani? Tena likija kugusa chini hali limefungwa, ndo utajua mwenyewe.

Breki ya mguu, waungwana. Breki ya nyuma. Ukiigusa, tairi la nyuma linapungua mwendo lakini wewe na tangi na injini bado mna haraka ya kwenda mbele, kwa hivo uzito wote unaelekea mbele na tairi la mbele linarudi chini. Hilo ndo la kwanza na ndo nililojia hapa: jifunze kuishusha kabla hujajifunza kuinyanyua. Kunyanyua mtu yeyote atanyanyua, hata kwa bahati mbaya. Kushusha je?

Nitawapa kisa. Kuna kijana nilimuona kwa macho yangu, ana pikipiki ya cc 150 mpya mpya, kakaa kwenye siti vizuri, kavuta klachi kaachia, pikipiki ikanyanyuka vizuri tu, kila mtu pale akapiga kelele. Halafu ikapanda zaidi ya alivyotaka yeye. Badala ya kushuka injini ikazidi kupiga makelele, pikipiki ikapinduka nyuma, yeye akakalia kifandugu na pikipiki ikaenda peke yake. Alipoinuka neno lake la kwanza likawa "imejifungua mafuta yenyewe." Wallahi ndo alivyosema. Na nyinyi mliokwishaanguka nyuma mnajua, inahisi hivo hivo.

Lakini haijifungui. Sikilizeni vizuri hapa. Pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma, mwili wako unateleza kurudi nyuma, si ndo? Mikono inanyooka. Unashika usukani kwa nguvu zote usianguke, na mkono wa kulia ukinyooka huku umekamata, kifundo cha mkono kinashuka na kiganja kinazunguka kuja kwako, yani unafungua mafuta zaidi wakati unataka yapungue. Ukizidi kuogopa unazidi kukamata, ukizidi kukamata unazidi kufungua. Mwili ndo ulivyoumbwa, huwezi kuufundisha kwa kuusemesha, unaufundisha kwa kurudia.

Kwa hivo unafanya mawili. La kwanza, kabla hujaanza kamata akseleta ukiwa umenyanyua kiwiko kidogo na kifundo cha mkono kiko sawa, kisiwe kimeshalala chini. Shika kama anavyoshika mtu bisibisi. Magoti yabane tangi, ili ukiteleza unashikiliwa na miguu, si na mikono. La pili, mguu kwenye breki. Si karibu na breki, si unaning'inia hewani, sehemu ya mbele ya unyayo iko juu ya pedeli tangu tairi bado liko chini. Ukingoja mpaka unaogopa ndo utafute pedeli hutoipata. Mguu kwenye breki kwanza, mengine baadae.

Na mazoezi yake hata hayapendezi kutazama. Gia ya kwanza, mwendo wa kilomita 15 kwa saa hivi, unakwenda na matairi yote mawili chini, unaigusa ile breki ya nyuma kidogo, unaachia, unaigusa, unaachia, bila ya tairi kuseleleka. Halafu unanyanyua kwa shubiri moja tu, unagusa breki, inashuka. Shubiri moja, unagusa, inashuka. Watu watakucheka, waache wacheke. Fanya mpaka mguu uwe unakwenda wenyewe wakati wewe unafikiria mambo mengine. Hujafika hapo? Basi hujaruhusiwa kupanda juu zaidi, na anaekukatalia ni kifandugu chako.

Hapo tumeelewana? Tumeelewana.

Sasa twende kwenye mizani.

Hapa Pemba nyinyi mna mwalimu ambae watu wa mjini Unguja hawana. Karafuu. Nani hapa hajawahi kubeba gunia la karafuu kwenye pikipiki? Mnanicheka lakini mnajua naenda wapi. Jamaa mmoja kafunga gunia kwenye keria, kalisukuma nyuma kabisa ili apate kukaa vizuri, na nyuma ya lile gunia akaning'iniza tena kikapu. Kashuka kilima vizuri. Alipofika kile kipando kinachofuata akarudisha gia ya kwanza akafungua mafuta, na pikipiki ikanyanyuka mbele mbele ya wazee waliokaa barazani. Hakuitaka wili, hakuijua wili, lakini alipiga. Na alishuka vipi? Alishuka kwa sababu injini ilizima. Karafuu zikamwagika njiani, watoto wakaanza kuokota kila mtu kwa mfuko wake.

Kwa nini ilinyanyuka? Uzito umekaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, njia inapanda, akafungua mafuta ghafla. Vitu vitatu hivo vikikutana basi. Na hivo hivo vitatu ndo fundi wa wili anavitumia kwa makusudi: anakaa nyuma kwenye siti, anachagua pahala panapopanda kidogo, anafungua mafuta kwa wakati wake. Na nyie mnaobeba abiria jueni pia, abiria mzito aliekaa nyuma sana, kilima, gia ya kwanza, umeshampigia wili mama wa watu bila kumuuliza.

Sasa kuna pahala, pikipiki ikishapanda kiasi fulani, uzito wake pamoja na wako unakaa sawa sawa juu ya pale tairi la nyuma linapogusa chini. Hapo ndo panaitwa nukta ya mizani. Chini ya hapo pikipiki inataka kurudi chini, na wewe ili ibaki juu lazima uendelee kuongeza mwendo, ndo maana mnawaona wanaoanza wanakwenda mbio zaidi na zaidi mpaka gia inaisha tairi linashuka pwaa. Ukifika kwenye nukta yenyewe huhitaji kuongeza mwendo tena, unakwenda mwendo ule ule, mafuta kidogo ikitaka kushuka, breki kidogo ikitaka kupanda. Ukiipita hiyo nukta, kukata mafuta hakukusaidii kitu cha maana, kinachokuokoa ni mguu. Nimerudi kwenye mguu tena. Nitarudi mara nyingi.

Mnataka kujua mtu akiijua hiyo nukta anafika wapi? Mjapani mmoja anaitwa Yasuyuki Kudo, tarehe 5 Mei 1991, huko Tsukuba, Japani, alikwenda kilomita 331 kwa tairi moja bila kushusha. Kilomita 331! Pemba hii kutoka ncha ya kaskazini mpaka kusini ni kama kilomita 67. Yani angeivuka Pemba karibu mara tano tairi la mbele haligusi chini. Na alipanda nini? Mtasema lipikipiki kubwa la elfu moja. Hasha. Honda ya 216, TLM220R, pikipiki nyepesi ya mashindano ya kupanda mawe. Kabla yake kulikuwa na Mmarekani Doug Domokos, mwaka 1984 alizunguka kiwanja cha mbio za magari cha Talladega kule Alabama maili 145, ni kama kilomita 233, na kilichomshusha ni mafuta kuisha tangini. Hakuanguka, hakuchoka, mafuta yaliisha tu.

Angalieni wapi walifanya, wote wawili. Mmoja kiwanja cha kujaribia magari, mwengine kiwanja cha mbio. Hakuna daladala, hakuna mtoto anaevuka na baskeli, hakuna gari ya ng'ombe inayotoka kichochoroni. Nimemaliza hilo, sitaki kulihubiri, lakini mtu akikwambia eti mafundi wakubwa wanafanya barabarani mwambie wakubwa kweli kweli walifanya kiwanjani.

Haya, klachi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pikipiki zenu nyingi ni za 125 na 150, na hizi hazina nguvu ya kunyanyuka kwa mafuta peke yake, labda uwe na gunia la karafuu. Zile kubwa ukifungua tu mkono zinanyanyuka. Za kwetu zinataka klachi.

Unakwenda gia ya kwanza, kilomita 15 mpaka 20 kwa saa, mwendo wa kawaida. Vidole viwili kwenye klachi, si vinne, vile vingine viwili vimeshika usukani. Unaivuta klachi kidogo tu, pale pale inapoanza kuachia, papo hapo unaongeza mafuta injini ipande sauti, na unaiachia klachi haraka. Haraka lakini si kuitupa. Na hapo mwili wako uko nyuma kwenye siti, macho yanatazama mbele mbali, hayatazami tairi. Kijana anaetazama tairi lake mwenyewe linavyopanda ataona mbingu.

Halafu kuna kosa naloliona kila siku, watu wanavuta usukani kwa mikono kama wanachota maji kisimani. Wewe unazo kilo ngapi na pikipiki ina kilo ngapi? Haivutwi. Inanyanyuliwa na injini, wewe unaisaidia kwa wakati tu. Na namna ya kuisaidia ni hii: kabla ya klachi unakata mafuta kidogo, zile shokapu za mbele zinalala, na zinapoanza kurudi juu ndo unafungua mafuta na kuachia klachi. Unapanda pamoja nazo. Ukikosea wakati, shokapu zinakwenda kivyao na klachi kivyake, pikipiki inaruka ruka kama ina kwikwi na haipandi. Ukiupata ule wakati unashangaa inavyopanda kwa mafuta madogo. Anza na kidogo, kila mara ongeza kidogo. Siku ya kwanza isiwe siku ya kupima ujasiri.

Gia ya pili je? Gia ya pili inakwenda polepole kupanda, ni laini zaidi kuiongoza, lakini 125 nyingi haziwezi. Msiilazimishe, mtaunguza pleti za klachi na fundi wenu atajenga nyumba.

Naona mzee pale na vespa yake ananiangalia kwa jicho la "na sie je?" Baba yangu, vespa ya gia inanyanyuka, tena vizuri sana, ina tairi ndogo za inchi 10 na mtu anakaa nyuma. Lakini injini ya vespa imekaa upande wa kulia, haiko katikati, kwa hivo ikipanda inataka kwenda upande na lazima uegemee kidogo kushoto kuisawazisha. Klachi na gia zote ziko mkono wa kushoto, mkono huo huo unafanya kazi mbili, na breki ya nyuma ni ile pedeli ya chini kulia. Inawezekana, ila mie kwa umri wako nakuomba uendelee kwenda nayo msikitini tu. (Watu walicheka sana hapa na mzee mwenyewe akacheka.) Hizi skuta za kisasa zisizo na klachi ya mkono, msihangaike nazo.

Sasa kutua. Watu hawazungumzii kutua, na mifupa mingi inavunjika hapo.

Sikukuu moja, vijana wamevaa kanzu mpya, njia imejaa. Mmoja kanyanyua, kaenda vizuri, yuko juu, halafu akageuza kichwa kumtazama mwenzake aliyeshika simu kama anarikodi. Kichwa kikigeuka bega linafuata, bega likifuata usukani unageuka. Na tairi likiwa hewani usukani ukigeuka huhisi chochote, ni mwepesi, hakuna kinachokwambia. Akakata mafuta yote kwa mara moja. Tairi likashuka kwa kishindo hali limekaa upande, usukani ukaanza kutikisika kulia kushoto kulia kushoto kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia, na akaenda kuingia kwenye meza ya mtu anaeuza juisi ya miwa. Alhamdulillahi ilikuwa meza tu. Kwenye ile meza kulikuwa na watoto wanne wanangoja juisi, waliondoka kabla kidogo.

Kwa hivo unapotua: usukani umenyooka, macho mbele, na mafuta usiyakate yote, unayapunguza polepole na kubakisha kidogo mpaka tairi liguse, yani unaliweka chini, huliachii lianguke. Litapiga ukelele kidogo kwa sababu wakati liko juu limepungua mzunguko, hiyo ni kawaida, msishtuke. Anaerikodi video akae mbele yako mbali na pembeni ya njia yako, usije ukamtafuta kwa macho. Au asirikodi kabisa, lakini najua hilo nazungumza na ukuta.

Nguo. Helmeti, na iwe imefungwa mkanda wa kidevu, si ile ya kuning'iniza kwenye kiwiko ukimuona trafiki unavaa. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi za ajali za pikipiki duniani walikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Glavu, maana ukianguka mikono ndo inatangulia. Viatu vilivyofunika kifundo cha mguu. Kandambili na breki ya mguu haziendi pamoja, mguu unateleza kwenye pedeli siku ile ile unayouhitaji.

Na kuna kitu nataka mkiige kwa ndugu zetu wa boti. Mmewaona manahodha wa mashine za nje, wanafunga ule mkanda mwekundu wa kujiviringa mkononi? Akianguka baharini mkanda unachomoka na mashine inazima. Swichi ya namna hiyo inafungika kwenye pikipiki, na wanaofanya michezo hii kwa kazi wanaitumia. Ukianguka nyuma injini inazima hapo hapo, pikipiki haikimbii peke yake kutafuta mtu. Fundi wa umeme anaejua waya atakufungia.

Pikipiki yenyewe, haraka haraka. Cheni isilegee, maana klachi ikiachiwa kwa ghafla cheni iliyolegea inaruka kwenye meno. Beringi za shingo ya usukani, nyanyua tairi la mbele ulitikise, likicheza usifanye lolote mpaka zibadilishwe, kila kutua kunazipiga nyundo. Sili za shokapu zikivuja oili, tengeneza. Oili ya injini ijae sawasawa kwa sababu pikipiki ikisimama oili inakimbilia nyuma na pampu inaweza kunyonya upepo, injini ikakaa kavu huku wewe unafurahi. Usikae juu muda mrefu kwa pikipiki ya kazi, ile ndo inayolisha watoto wako.

Wapi? Si njia ya Wete, si njia ya Mkoani, si pale stendi. Tafuteni kiwanja kigumu cha udongo, kilichonyooka, kinachopanda kidogo, maana kikipanda pikipiki inanyanyuka kwa urahisi na mwendo unabaki mdogo. Majani mabichi yanateleza, kwenye mchanga mzito pikipiki hainyanyuki. Mwendeeni sheha mumwambie, msifanye kwa kujificha, na mmoja wenu asimame kuzuia watoto, maana mkianza tu kupiga resi kijiji kizima kitakuja. Msiende peke yenu hata siku moja. Mtu peke yake akivunjika mguu shambani huko nani atamjua mpaka magharibi?

Kaniuliza kijana mmoja hapa kabla hatujaanza, "Fundi, itanichukua muda gani?" Sijui mguu wako una akili kiasi gani. Wapo wanaoupata mguu haraka na mkono unawachelewesha, wapo kinyume chake. Mie nikimfundisha mtu simruhusu apite kiuno cha mtu aliesimama mpaka nimuone anaishusha kwa breki mara nyingi mfululizo bila kukata mafuta. Akiniambia nimechoka na haya mazoezi ya kitoto namwambia nenda kanywe kahawa urudi.

Sasa kabla hamjatawanyika. Nimepita nje pale mlipoegesha, nimebonyeza pedeli za breki za pikipiki kumi hivi, na nyingi zinashuka mpaka chini ndo zinaanza kukamata. Hizo ni pikipiki mnazobebea abiria, achilia mbali wili. Pedeli ikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili kabla ya kukamata inatakiwa ikazwe ile nati ya nyuma kwenye fimbo ya breki, na kama nati imefika mwisho basi viatu vya breki vimekwisha, mnunue vipya. Spana ninayo, sitaki pesa. Wenye pedeli zinazolegea waje huku upande wa mwembe, mmoja mmoja, na aliyeegesha ile nyekundu ya mlangoni aanze yeye, maana ya kwake haikamati kabisa.